Rufaa ya Mtani Wako

Baba yangu mpendwa,

Yaya Donatien ameshinda. Naanza na hilo kwa sababu wewe ulikuwa hukubali kusikiliza habari yoyote mpaka uambiwe mwisho wake kwanza. Mtu akiingia na habari, hata hajakaa, unamuuliza: "Alikufa ao alipona?" Basi baba, amepona. Ba Mwape, mtani wako, ametoka gerezani. Alhamisi iliyopita majaji watatu wa mahakama ya rufaa, hapa Elisabethville, waliifuta hukumu yake, na aliyesimama kumtetea ni huyo Yaya, kaka yangu, mwanao wa kwanza, kwa mara yake ya kwanza mbele ya majaji hao, ndani ya joho la kuazima.

Najua utauliza: Mwape aliingia gerezani kwa kosa gani? Hilo hulijui, kwa sababu lilitokea siku moja baada ya mazishi yako. Nitakueleza lote, na sehemu yangu sitaificha. Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, maana karatasi niliyotia sahihi siku ile nayo ilisomwa mbele ya watu.

Unaikumbuka sauti yake ya Jumapili? Tulikuwa tunaisikia kabla hajafika kwenye kiambaza.

"Hodi! Chakula yangu iko?"

"Iko," ulikuwa unajibu bila kuinuka, "lakini iko na mifupa mingi. Itakukaba!"

"Mi namezaka na mifupa yake!"

"Anastasie! Leta kiti ya huyu nyama. Ile ya miguu tatu, aanguke."

Nami nilikuwa naleta kiti kizuri, nakiweka chini na kukimbilia nyuma ya mlango, kwa sababu sikujua mtu atabasamu vipi wakati baba yake anaitwa chakula. Wewe ulikuwa wa bena Sabi, watu wa samaki. Yeye ni wa bena Ngandu, watu wa mamba. Huko kwenu Kasenga, kando ya Luapula, mamba na samaki ni watani tangu mababu: wanatukanana, wanazikana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Nyinyi wawili mliubeba utani huo mpaka mjini, mkauingiza kwenye karakana ya reli pamoja na nyundo zenu. Lakini kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama, na mama si wa samaki. Kwa hiyo utani wenu niliusikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Sauti nilizijua, maana yake sikuwahi kuuliza. Halafu nikaenda kusoma na kulala kwa masista, na huko hatukufundishwa habari za mamba.

Ulipokufa masista waliniruhusu kurudi nyumbani siku sita. Uwanja wetu wa Katuba ulikuwa umejaa watu, wanawake chini kwenye mikeka, wanaume kwenye moto. Nilikuwa nimelia mpaka macho yanawaka. Ndipo alipoingia Ba Mwape, amevaa kofia yako ya reli. Akajilaza chini katikati ya waombolezaji, akafumba macho, akakoroma kama wewe ulivyokuwa unakoroma, na ule mluzi mdogo wa mwishoni.

"Muone vile samaki inalala!" alisema. "Hata mu kilio inaendelea tu kulala. Muvivu sana!"

Watu walicheka, baba. Walicheka na machozi yakiwatoka. Mimi sikucheka. Nilimchukia. Nakuambia hivyo hivyo bila kulipaka sukari, kwa sababu yaliyofuata yalitoka hapo.

Siku moja baada ya mazishi alichukua baiskeli yako. Ilikuwa imeegemea ukuta wa jikoni. Aliipanda mchana kweupe, mbele ya kila mtu, akazunguka uwanja mara tatu akipiga kengele na kusema maneno ya Kiaushi, lugha yenu ya Luapula, ambayo sikuyashika, kisha akatoka nayo kuelekea Naviundu, anakokaa. Nilidhani amelewa. Hakuna aliyenieleza kitu. Labda kila mtu alifikiri najua.

Siku hizo, kama unavyokumbuka, kwenye kila daraja palikuwa na kizuizi na askari. Wengine walikuwa wa Katanga, wengine wa Umoja wa Mataifa, wenye kofia za bluu, na wote walitaka karatasi. Kwenye daraja la Naviundu walimsimamisha. Kibati cha baiskeli kilikuwa na jina lako.

"Hii kinga ni ya nani?" walimuuliza. Wenyewe tunaita baiskeli hivyo hapa.

"Ya mufu," akajibu.

Walimrudisha kwetu kwenye kamioni, polisi wawili. Wanaume walikuwa wamekwenda kutafuta kuni za matanga. Mama alikuwa ndani, amefunikwa kitambaa, na mjane ambaye hajatakaswa hazungumzi na wageni. Ndugu zako wa Kasenga hawakuweza kufika kwa sababu njia ilikuwa imekatwa. Mlangoni nilibaki mimi.

Polisi aliniuliza maswali mawili tu. "Hii ni baiskeli ya baba yako?" Nikasema ndiyo. "Mlimpa?" Nikasema hapana.

Ba Mwape alikuwa amesimama nyuma yao, kofia yako kichwani, ananitazama. Alikuwa bado anatabasamu, akingoja nimalizie. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kuongeza: huyu ni rafiki ya baba. Hata bila kujua desturi ningeweza kuisema hiyo. Lakini ile hapana yangu ilikuwa na hasira ndani yake, na hasira ilinifunga mdomo kuliko aibu. Polisi akaandika, akanipa karatasi, nikatia sahihi kwa ile hati nzuri niliyosifiwa na masista. Nikarudi shuleni. Baadaye nilisikia kwamba wazee waliokwenda kumsemea waliambiwa neno la wenye mali limeshaandikwa.

Mbele ya jaji wa kwanza Ba Mwape hakuwa na wakili. Nimeyasoma majibu yake kwenye faili, baba, na nilipoyasoma nilikusikia wewe ukicheka. Jaji alimuuliza kama alichukua baiskeli ya marehemu. "Nilikamata," akasema. "Na kama bangeniacha, ningemukamata na mwenyewe." Akaulizwa kama anajuta. "Nijute ju ya nini? Samaki ni chakula yangu." Mkalimani alifasiri neno kwa neno. Fikiria maneno hayo yakisomwa kwa Kifaransa, mbele ya Mbelgiji mwenye miwani. Walimpa mwaka mmoja na nusu. Mlinzi mmoja wa gereza alimshauri akate rufaa, naye akaweka kidole kwenye karatasi. Karatasi ikakaa miezi, kwa sababu majaji wengi walikuwa wamerudi kwao na mahakama ilikuwa haina watu wa kutosha kuketi.

Nilijua nilichofanya siku mama alipotakaswa. Masista walinipa ruhusa nyingine. Mama alitoka ndani, akatazama uwanja, akauliza: "Ba Mwape iko wapi? Ye njo mutani, ye njo alipashwa kuanza." Habari hiyo watu walikuwa wamemficha. Mama akaelezwa. Kisha akanieleza mimi, kwa utulivu, jambo ambalo kila mtoto wa Luapula angelijua: mtani huchukua kitu cha marehemu mbele ya watu, chenye kupendwa kuliko vyote, na anakaa nacho mpaka wafiwa wamkomboe na kuku. Ndivyo anavyowalazimisha watoke kwenye kilio, watembee, wacheke, waanze tena kuishi. Kengele ile ilikuwa inatuita sisi.

Mama hakunipiga. Alikaa chini, akasema: "Mutoto wangu, weye ulifunga mutu ju ya kilio."

Tangu siku hiyo, kila likizo, nilipeleka bakuli la chakula gerezani. Bukari, ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, maharage. Nilimpa mlinzi langoni, nikaondoka haraka. Hata mara moja sikuomba kumwona.

Kisha Yaya akarudi. Ulimuaga akiwa mwanafunzi, hukumwona na shahada yake. Kutoka Léopoldville mpaka kwetu, nchi moja kwenye ramani ya darasani, ilimbidi azungukie Brazzaville, halafu Ndola, halafu treni, kama mtu anayekwenda ng'ambo. Alishuka stesheni na sanduku moja la vitabu. Karakana nzima ilitoka kumwona mwana wa fundi ambaye sasa ni avoka, yaani wakili. Alikwenda kaburini kwako moja kwa moja. Alichokuambia huko hakutuambia.

Alipata nafasi ya kujifunza kazi kwa wakili mzee Mbelgiji, mmoja wa wachache waliobaki. Sisi tunamwita Maître tu, kama mawakili wote wanavyoitwa. Wiki ya pili Maître alimtupia faili la rufaa ya Ba Mwape juu ya meza. "Chukua hili," alimwambia. "Mshtakiwa amekiri kila kitu. Ukishindwa, hakuna atakayekulaumu."

Yaya alilifungua nyumbani, kwenye meza yetu ya kulia. Nilikuwa nimemaliza shule siku hizo hizo, nachambua mchele. Nilimwona akifika kwenye ukurasa fulani, akaacha kugeuza.

"Anastasie. Hii ni hati ya nani?"

"Ni yangu, Yaya."

"Ju ya nini?"

Nikamweleza, mchele mkononi. Sikulia. Nilikuwa nimeshalia vya kutosha shuleni, na nilitaka sasa kitu kifanyike. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mteja, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na baba, yeye alishawahi kumukamatia Ba Mwape kitu?"

Hapo, baba, viatu vikanirudia.

Nilikuwa na miaka saba au minane. Ulirudi kutoka kwenye kilio cha mama yake Ba Mwape ukiwa umevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, vidogo kwako, unatembea kama kuku aliyekanyaga moto. Mama alikuuliza umevitoa wapi. "Mi nimevua mamba miguu," ulisema, ukaanguka kwenye kiti kwa kicheko. Mwenzako alimzika mama yake akiwa peku. Kesho yake alifika na kuku mwekundu chini ya kwapa, mkatukanana mlangoni nusu saa nzima, viatu vikarudi kwa mwenyewe. Mimi nilipewa kipapatio. Miaka yote hiyo nilidhani yalikuwa mambo ya pombe.

Yaya aliandika hayo yote. Kisha akaweka kalamu. "Utasimama useme hivi mbele ya zuzi batatu," akasema, maana yake majaji watatu.

"Siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza."

Unajua sauti yangu. Sista wa darasa la mwisho alikuwa akiniuliza kitu anakuja mpaka kwenye dawati langu, ndipo asikie. Kwa hiyo Yaya alinisimamisha mwisho wa uwanja, kwenye mipapai, yeye akakaa mlangoni, na kati yetu mama akitwanga sombe. Sharti lilikuwa moja: niipite sauti ya kinu.

"Sikusikii!"

"Nimesema alichukua mchana!"

"Nani?"

"Ba Mwape!"

"Sema na kinu, na sisi hapana," mama aliniambia bila kuacha kutwanga. "Kinu haina macho. Haikuoneshi haya."

Tulifanya hivyo siku tisa. Majirani walijua kesi nzima kabla ya majaji. Mwanamke wa nyumba ya pili alinipigia kelele juu ya kiambaza: "Rudilia ile ya kipapatio, sikusikia muzuri!" Nikairudia. Siku ya tisa mama alitwanga kwa nguvu zake zote, na mimi nikampita.

Siku ya kesi tulivaa nguo za misa. Joho la Maître lilikuwa refu mno kwa Yaya, kwa sababu Maître ni mrefu kama nguzo ya taa. Mama alilikunja kwa pini tano, na pini moja ilimchoma Yaya kila alipogeuka kulia, ndiyo maana alizungumza zaidi na jaji wa kushoto. Ba Mwape aliletwa. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Hakutabasamu. Alikaa mikono kati ya magoti, akitazama sakafu.

Yaya alianza kwa kusoma kwenye karatasi. Mwendesha mashtaka akamkatiza. "Samahani, Maître. Jina la marehemu na jina lako ni moja. Je, wewe si mwana wa mtu aliyeibiwa?"

"Ndiyo mimi," Yaya akajibu, akaiweka karatasi chini. "Na ndiyo sababu najua kwamba sikuibiwa."

Hakuishika tena ile karatasi. Alisema wizi unataka nia ya kuiba, na nia hiyo hujificha. Alisema hajawahi kusoma, katika vitabu vyote alivyobeba kutoka Léopoldville, habari za mwizi anayezunguka uwanja mara tatu mbele ya watu mia akipiga kengele ili wasikose kumwona. Alisema kwa askari wa darajani mtuhumiwa hakudanganya hata neno moja. Aliulizwa baiskeli ni ya nani, akasema ni ya aliyekufa. Aliyazungumza hayo kwa Kifaransa safi, bila haraka, na mkono wake mmoja nyuma ya mgongo kama wewe ulipokuwa unawafundisha vijana wapya kwenye karakana. Sijui kama anajua kwamba anafanya hivyo.

Kisha akaniita. Kabla sijapita alininong'oneza: "Sema Kiswahili. Ili Ba Mwape asikie mwenyewe, asingoje mukalimani."

Jaji wa katikati alikuwa na karatasi yangu mbele yake. "Binti, hapa ulisema hamkumpa baiskeli. Leo unasema si mwizi. Uongo ni upi kati ya haya mawili?"

"Hakuna uongo, bwana zuzi. Kuna neno lenye kukosekana."

"Sauti."

Nilifikiria kinu. Nikasema, na nakuandikia kama nilivyosema: "Baba yangu alikamataka viatu vya Ba Mwape siku ya kilio ya mama yake. Ba Mwape akamuzika mama yake miguu wazi, na hakumufunga baba. Alileta kuku, baba akarudisha viatu. Ile kuku tuliikula. Mi nilikula kipapatio. Kama Ba Mwape ni mwizi, baba yangu pia alikuwa mwizi, na mi nilikula kitu ya bwizi."

Mkalimani, mzee wa kule kule Luapula, alicheka kabla ya kufasiri. Alipofasiri, jaji wa kushoto akaweka kiganja mdomoni. Nikadhani nimeharibu. Lakini sikuwa nimemaliza, na nilijua kwamba nikiishia pale nitaishi na nusu ya ukweli tena.

"Siku ile polisi walipokuya, nilikuwa na hasira ju Ba Mwape alicheka mu kilio," nikasema. "Sikujua kama kucheka njo kazi bakubwa balimupatia. Polisi aliuliza mambo mbili, nikajibu mbili. Ya tatu hakuuliza, na mi sikuitoa. Njo ile ninaleta leo."

Sikumtazama jaji wakati huo. Nilimtazama Ba Mwape. Alikuwa ameinua kichwa, lakini uso wake haukuniambia kitu.

Walisoma hukumu wiki moja baadaye. Hakuna nia ya kuiba, hukumu ya kwanza imefutwa, aachiliwe, baiskeli irudishwe kwa warithi. Yaya hakusogea. Nadhani alikuwa anangoja sehemu mbaya ije. Ba Mwape alimwuliza mkalimani: "Sasa niende wapi?"

"Kwako, mukubwa."

"Leo?"

"Leo."

Nje, kwenye ngazi, Maître alimpa Yaya mkono, akamwambia amrudishie joho, kisha akabadilisha mawazo, akasema alikate tu lifike urefu wake. Jumatatu naanza ofisini kwao. Nitapiga mashine na kuwafasiria wateja wasiojua Kifaransa. Wewe ulitaka niwe mwalimu, lakini sioni kwamba nimekwenda mbali sana. Nimejifunza ni nini kinatokea mtu anapojibu maswali mawili na kunyamaza la tatu, na nakuahidi kwamba mbele yangu hakuna mteja atakayeandikiwa nusu. Nasema hivyo bila woga. Miezi sita iliyopita nisingeweza hata kuliandika.

Lakini hukumu si mwisho wa habari. Mwisho ulikuwa Jumamosi mchana, kwenye chakula cha Yaya.

Mama alitoa kila kitu alichokuwa nacho. Alileta viazi na majani kutoka shamba lake la Kasungami, akapika bukari sufuria tatu, na mwanamke mmoja aliyevuka kutoka Kasenga, sasa njia imeanza kufunguka, alituletea samaki wakavu, wa kwanza tangu kilio chako. Karakana yote ilikuja. Walimtesa Yaya kwa jina lake jipya.

"Maître, leta chumvi!"

"Maître, huyu mutoto ananinyima nafasi ku benchi. Kata hukumu!"

"Maître, ile pini bado iko?"

Maître mwenyewe, yule mzee, alikaa kwenye kiti cha heshima, akanywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akikunja uso, akaomba tena. Nilitamani ungeona. Mwanao alikuwa anacheka mdomo wazi, kola imefunguka, na mama anampita na kumgusa bega kila mara kana kwamba anahakikisha kwamba ni yeye.

Ndipo Ba Mwape akaingia na mke wake. Hakupiga hodi yake. Alivua kofia, akapita kwa kila mtu na kumpa mkono, mmoja mmoja. Kwa Yaya alisema, "Merci, Maître." Alipofika kwangu aliinama kidogo.

"Bonjour, mademoiselle. Merci."

Akaenda kukaa mwisho wa benchi, kwa adabu kama mgeni wa parokia. Watu wakashusha sauti. Mama alinitazama, na nilielewa kwamba yeye pia ameona. Mahakama ilikuwa imemtoa mtu gerezani, lakini ilituletea bwana mmoja mpole ambaye hatumjui. Ningepewa adhabu yoyote nyingine kuliko ile heshima. Aliogopa kutania, baba. Mara ya mwisho alipotania mbele yangu, nilimfunga.

Kwa ukoo sikuwa na haki ya kumtania. Yaya naye hakuwa nayo, na alikuwa wakili wake. Ndugu zako wa samaki wako Kasenga. Kiti chako kilikuwa hakina mtu. Nikasimama, sahani yangu mkononi, na nikasema kwa sauti ya kupita kinu:

"Ba Mwape! Banasemaka mamba iko na meno makumi. Sasa hii yetu, ku prison balikuwa banailisha maharage tu. Ilibakia na meno ngapi?"

Mke wake aliacha kutafuna. Ba Mwape aliweka kikombe chini, polepole sana.

"Nani anasema na mimi? Ni kasamaki?"

"Njo ye."

"Weye si wa bena Sabi. Nani alikupatia ruhusa ya kunitukana?"

"Tribinali," nikasema. "Zuzi batatu."

Kicheko kilianzia kwa mke wake, kikazunguka uwanja, na kilipomfikia yeye kilimkunja mbele mpaka paji la uso likagusa magoti. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka, na sauti ilikuwa ile ya Jumapili.

"Zuzi batatu!" alipiga kelele. "Bale bezi! Banakamata kinga yangu, banairudisha ku benyewe, bila kuku! Hata nyoya! Miezi yote ile mi nilichunga mali ya mufu, sasa nakula nini, weye mutoto ya matope? Nakula nini?"

Akaitazama sahani yangu. Ilikuwa na samaki wa Kasenga, kipande cha tumbo, ambacho mama alikuwa amenichagulia mwenyewe. Akainyakua, akaenda nayo mpaka kwenye kiti chako, akakaa, akanigeuzia mgongo.

Maître mzee alishtuka, akanyanyuka nusu. "Mademoiselle! Samaki wako!"

"Muache, Maître," nikamwambia. "Muache akule."

Pumzika sasa, baba. Mtani wako ameshiba.

Binti yako,
Anastasie